Hirizi ya Ukutani

Imeenea katika zama zetu itikadi moja ambayo wenye kuishika hawaiiti itikadi, bali huiita utaratibu, nayo ni hii: kwamba taasisi ikiziorodhesha hatari zake katika daftari, ikazipa namba na rangi, ikamteua mratibu wa vihatarishi, ikamleta mkaguzi kutoka nje na kutundika ukutani hati ya ithibati ya kimataifa, basi taasisi hiyo imesalimika, na kama haikusalimika kabisa, walau imetimiza wajibu wake na haina lawama. Itikadi hii utaikuta wizarani na benki, bandarini na hospitalini, kwa mashirika ya umma na kwa matajiri wa migodi, na aghalabu mwenye kuitilia shaka huonekana mtu wa kale asiyejua dunia imefika wapi. Mimi naitilia shaka, tena naishitaki hadharani, kwa kuwa naona karatasi hizi, jinsi zinavyotumiwa, ni hirizi. Na madhara makubwa ya hirizi si kwamba haikingi, bali ni kwamba aliyeivaa huacha kutazama anapokanyaga.

Hebu daftari lenyewe tulifungue. Ukurasa una safu nyingi: jina la kihatarishi, chanzo chake, uwezekano wa kutokea, ukubwa wa athari, mmiliki wake, na hatua zilizochukuliwa kukidhibiti. Uwezekano hupewa namba kuanzia 1 mpaka 5, athari nayo vivyo hivyo, kisha namba hizo mbili huzidishwa na jibu likatiwa rangi, kijani kwa jambo la kulalia usingizi, njano kwa la kutazamwa, nyekundu kwa la kushughulikiwa upesi. Kazi hii ina sura ya hesabu, na kwa ajili ya sura hiyo hupewa heshima ya hesabu. Lakini mtu na azidishe mwenyewe aone. Wino wa mashine ya kuchapia huisha kila mwezi, basi uwezekano wake ni 5, na athari yake, madhali hajafa mtu kwa kukosa wino, ni 1. Jibu ni 5. Ukuta wa bwawa la kuwekea tope la mabaki ya mgodi kupasuka ni jambo la nadra, basi uwezekano wake ni 1, na athari yake, ambayo ni kufukia watu wakiwa hai, ni 5. Jibu nalo ni 5. Wino na roho za watu vimelingana, vimeketi ubavu kwa ubavu katika rangi moja ya upole, na bodi itavipita vyote viwili kwa dakika moja ili iwahi kujadili posho. Wapo mahodari walioliona kosa hili wakatia kanuni za ziada za kulirekebisha, nami nawapa haki yao. Lakini madaftari yaliyo mengi bado yanazidisha kama yalivyofundishwa.

Na hulijaza nani? Robo ya mwaka inapokaribia kwisha, ofisa mmoja, mara nyingi kijana aliyeajiriwa juzi, huzunguka idara hata idara akiomba taarifa, na mkuu wa idara, ambaye ana kazi nyingine zinazomsubiri, hufungua jedwali la robo iliyopita, hubadili tarehe, huhamisha kihatarishi kimoja kutoka nyekundu kwenda njano ili pasikosekane maendeleo, kisha huambatanisha na kutuma. Hatari ya kweli inayoifahamu idara ile, iwe ni mtambo unaotoa moshi au bosi asiyeambilika, haimo. Haimo kwa sababu aliyeiona ni fundi au mlinzi au mpishi, na hakuna aliyemuuliza. Na hata kama angeulizwa, angejua vema kwamba jina la bosi haliandikwi katika safu ya chanzo.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao uko Brazil. Tarehe 25 Januari 2019, saa sita na dakika 28 mchana, bwawa nambari moja la mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão, karibu na mji wa Brumadinho katika jimbo la Minas Gerais, lilipasuka, na tope linalokaribia mita za ujazo milioni 10 likateremka bondeni. Bwawa hilo, mali ya kampuni ya Vale, lilianza kujengwa mwaka 1976, likapandishwa tabaka juu ya tabaka hata likafikia kimo cha mita 86, kila tabaka jipya likiegemea tope la zamani lililokuwa nyuma yake. Ujenzi wa namna hiyo huokoa fedha, na wahandisi walijua siku nyingi kwamba ndio dhaifu kuliko namna nyinginezo. Chini ya bwawa, katika njia hasa ambayo tope lingepita siku litakapotoka, zilikuwapo ofisi za mgodi na ukumbi wa chakula. Ilikuwa saa ya chakula. Ving'ora havikulia. Walikufa watu 270, walio wengi wao wafanyakazi wa mgodi, na jamaa zao huhesabu 272, kwa kuwa wanawake wawili katika waliokufa walikuwa wajawazito.

Asiseme mtu kwamba hatari ile haikujulikana. Tarehe 5 Novemba 2015, katika jimbo lile lile, bwawa la Fundão karibu na mji wa Mariana, la kampuni ya Samarco ambayo Vale ilikuwa na nusu ya hisa zake, lilikuwa limepasuka na kuua watu 19, na mkuu mpya wa Vale aliyeshika madaraka mwaka 2017 alifanya kaulimbiu yake kuwa Mariana isirudie kamwe. Wala asiseme mtu kwamba hapakuwa na mkaguzi. Mwezi Septemba 2018, miezi minne kabla ya msiba, kampuni ya Kijerumani ya TÜV SÜD ilitia saini tamko kwamba bwawa liko imara. Hesabu za ukaguzi wenyewe zilitoa kipimo cha usalama cha 1.09, ilhali kiasi kilichokuwa kikipendekezwa na wataalamu ni 1.3, ikatafutwa mizani nyepesi zaidi, ya 1.05, na juu ya mizani hiyo bwawa likafaulu. Waendesha mashtaka wa Minas Gerais walieleza fauka ya hayo kwamba kampuni nyingine ya ukaguzi ilikuwa imekataa kuthibitisha uimara wa bwawa lile, na kazi ikahamishiwa kwa waliokuwa tayari. Hukumu ya mtu mmoja mmoja ni kazi ya mahakimu wa Brazil, si yangu. Lakini hukumu juu ya utaratibu ninayo, kwa kuwa mkaguzi aliyechaguliwa na anayekaguliwa, akalipwa na anayekaguliwa, na anayeweza kubadilishwa na anayekaguliwa, hata awe mwadilifu kiasi gani, amewekwa mahali ambapo uadilifu wake utamgharimu mkate kila mwaka.

Tena liko jambo moja katika kadhia ile ambalo halizungumzwi inavyostahili. Bwawa lile lilikuwa limeacha kupokea tope tangu mwaka 2016. Halikuingiza hata senti moja. Lilikuwa deni tupu lililoachwa na watu waliokwisha kustaafu, na kulibomoa kwa salama kungechukua miaka na fedha nyingi, ambazo zingeonekana katika hesabu za mkuu aliyepo, ilhali faida yake ingeonekana, au tuseme isingeonekana, katika zama za mkuu ajaye. Hapa ndipo hatari na uendelevu vinapokutana kuwa jambo moja, ingawa ofisini vimegawiwa idara mbili na ripoti mbili. Meneja huteuliwa kwa miaka mitatu au mitano. Bwawa huishi miaka arobaini na zaidi. Basi msiba ambao uwezekano wake ni mdogo kwa kila mwaka, kwa meneja ni msiba wa mtu mwingine, na kwa bonde ni msiba ambao utafika tu. Uendelevu, nionavyo mimi, hauna maana nyingine iliyo nzito kuliko hii, ya kumlazimisha mwenye muhula mfupi ahesabu kwa muda wa kitu chenyewe.

Badala yake tumeufanya uendelevu kuwa kitabu cha picha. Mwezi Septemba 2015 kampuni ya Volkswagen ilitangazwa na faharasa ya uendelevu ya Dow Jones kuwa ya kwanza duniani miongoni mwa watengenezaji wa magari, na haukwisha mwezi, tarehe 18, serikali ya Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa programu ya kuhadaa mitambo ya vipimo, yakitoa barabarani hewa chafu ya naitrojeni mpaka mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yenye programu hiyo yalikuwa takriban milioni 11. Na mpango wa kampuni ya BP wa mwaka 2009 wa kukabiliana na umwagikaji wa mafuta katika Ghuba ya Mexico, ulipokuja kusomwa baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka tarehe 20 Aprili 2010 na kuua watu 11, ulikutwa ukiwataja kati ya viumbe wa kulindwa wanyama wenye pembe ndefu za kinywani ambao makazi yao ni bahari ya barafu huko kaskazini, na ukimtaja miongoni mwa wataalamu wa kuitwa siku ya dharura mtu aliyekufa mwaka 2005. Siku ile ile ya mlipuko wakubwa walikuwa mtamboni kusherehekea miaka saba ya kazi bila ajali ya kumlaza mtu.

Najua nitakavyojibiwa: je, turudi kwenye kubahatisha? Sikusema hivyo, na mifano ya karatasi iliyofaa ipo. Mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ulipoteketea katika Bahari ya Kaskazini tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167, uchunguzi wa jaji Lord Cullen ulizaa sheria ya kumtaka mwenye mtambo athibitishe kwa maandishi, mbele ya mamlaka isiyokula kwake, kwa nini mtambo wake ni salama, na jambo hilo lilileta kheri. Lakini usiku wenyewe wa moto kibali cha kazi kilikuwapo pia, kilichoeleza kwamba vali ya usalama ya pampu moja imeondolewa kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikukiona, ikaiwasha pampu. Karatasi ni amana kati ya mtu na mtu, na ikikosa kumfikia wa pili, haijafanya kazi, hata kama imehifadhiwa kwa unadhifu wa kumridhisha mkaguzi.

Kwetu Tanzania habari hizi si ngeni. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na ukomo wa abiria ulioandikwa, nao ni 101. Waliokufa walizidi 200. Ukomo ule ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu mmoja pale gatini mwenye madaraka ya kusema hakiondoki, na mwenye hakika kwamba kesho yake atakuwa bado ana kazi. Na tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, huko Shinyanga, ulipasuka; Mungu aliepusha, haikupotea roho, bali tope lilifika kwenye makazi na mashamba ya wanavijiji. Tuna migodi mingine, na mabwawa mengine, na tunafungua mapya.

Baada ya Brumadinho Wabrazili walipiga marufuku mabwawa ya kuegemea tope, wakaamuru yaliyopo yabomolewe, wakakataza ofisi na kumbi za chakula katika ukanda ulio chini ya bwawa, ambao tope huufikia kabla msaada haujafika. Kanuni hiyo ya mwisho haina namba za kuzidisha wala rangi, na mpishi angeweza kuitunga, kama angalikaribishwa kikaoni. Ningependa kuona bodi zetu zikianzia hapo: mkaguzi alipwe kutoka mfuko usioshikwa na anayemkagua, mwenye kusimamisha kazi kwa hofu ya kweli asiulizwe gharama kabla ya kuulizwa alichokiona, na meneja anayeondoka aendelee kudaiwa kwa yale aliyoyaacha yakiwa ya njano.