"Maalesh" Hailipi Hasara: Kudai Haki Baada ya Ajali Si Ugomvi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, wazazi wenzangu na wanafunzi, leo nataka tuzungumze jambo linalotokea kila siku katika barabara zetu hapa Juba, lakini ni nadra kulisikia likitajwa msikitini. Mtu amekugonga, gari lake halina bima, nawe umepata hasara. Je, umwachie Mungu, au umpeleke mbele ya hakimu?

Nitaanza na yaliyonikuta mimi mwenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha.

Nilikuwa natoka kusomesha, nimempakia mtoto wa ndugu yangu kwenye pikipiki. Jua lilikuwa limeshazama na tunawahi swala ya Maghrib. Mnajua hali yetu: hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yameletwa kutoka Uganda na Kenya yakiwa na usukani upande wa kulia, kwa hiyo dereva anayetaka kulipita gari la mbele haoni vizuri kinachomjia. Kijana mmoja mwenye Probox akatoka nyuma ya lori ili alipite, akatukuta uso kwa uso. Alhamdulillah alikata usukani, lakini alitupiga ubavuni tukaanguka. Mtoto aliteguka mkono, na pikipiki ikapinda mbele yote.

Watu wakajaa. Kabla hata sijasimama sawasawa, nikasikia kutoka kila upande: "Maalesh, ya ustaz, maalesh!" Nyote mnalijua neno hilo. Kwetu Juba lina maana ya pole, samahani, na yaishe, vyote kwa pamoja. Mimi nimevaa kanzu na kofia, wazazi wa wanafunzi wangu wananitazama. Niliona aibu kudai. Nikasema, "Maalesh." Kijana akaniachia namba yake ya simu, akaondoka.

Niliporudi nyumbani nilijiona nimefanya jambo la uchamungu. Lakini pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa ikinifikisha madrasa ya pili, na bila madrasa ya pili mwezi haukamiliki. Nikakopa kwa ajili ya hospitali. Nikachelewesha ada ya shule ya watoto. Ndipo mama watoto akaniuliza kwa upole, "Baba watoto, wewe umemsamehe yule kijana, sawa. Je, sisi ulituuliza? Na babake huyu mtoto ulimuuliza?"

Ndugu zangu, swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilichokitoa pale barabarani hakikuwa changu peke yangu, na nilikitoa nikiwa sijui hata thamani yake.

Kusamehe kunakuja baada ya haki kujulikana

Tunafundishwa katika Suratush Shuuraa, aya ya 40, kwamba anayesamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Hilo hakuna Muislamu anayelipinga. Lakini aya hiyo hiyo inaanza kwa kuthibitisha kwamba aliyedhuriwa ana haki ya kulipwa mfano wa alichodhuriwa, si zaidi. Kwanza haki, kisha msamaha. Mtu asiyejua anadai nini hajasamehe bado. Ameona haya tu, au amechoka.

Na wanaomzunguka aliyeumia wakimshurutisha aseme "maalesh" ili njia ifunguke, wajue wanagawa mali ya mtu mwingine. Ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa mfuko usio wako.

Tazameni Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa kwa Anas katika Sahihi Bukhari kwamba mmoja wa wake zake alipeleka chakula katika bakuli wakati Mtume yuko kwa mke mwingine. Yule mwenye nyumba akampiga mtumishi mkono kwa wivu, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume hakugomba. Aliokota vipande na chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu ameshikwa na wivu. Lakini hakuishia kwenye upole. Alimzuia yule mtumishi mpaka likaletwa bakuli zima kutoka nyumba hiyo, likapelekwa kwa aliyevunjiwa, na lililovunjika likabaki kwa aliyelivunja. Upole ulikuwepo na fidia ilikuwepo, na hakuna kilichomzuia mwenzake.

Kuhusu ajali za magari, wanazuoni wa zama zetu wameshalizungumza wazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwezi Juni 1993, lilitoa uamuzi kwamba kufuata sheria za barabarani zisizopingana na dini ni wajibu, na kwamba dereva anabeba dhima ya madhara anayowafanyia watu katika miili na mali zao. Hawezi kujitoa kwa kusema hakukusudia, isipokuwa pale ambapo sababu ilikuwa nguvu asiyoweza kuizuia, au kosa la mtu mwingine, au kosa la aliyedhurika mwenyewe. Kwa hiyo tunaposema "ajali haina kinga", tukumbuke kuwa ina dhima.

Tumpeleke wapi?

Wengine huuliza, kwa nini tusiende kwa kadhi? Jawabu ni kwamba hata jirani zetu wa Kenya, ambao Katiba yao ya 2010 inawatambua makadhi, wamewapa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, siyo magari yaliyogongana. Hapa kwetu kesi za namna hii zinaamuliwa kwa sheria za serikali na kwa mila. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 inatambua mahakama za kimila za machifu, na mijini kuna mabaraza yanayoitwa Town Bench. Kwa upande wa serikali kuna mahakama za payam na za kaunti, na juu yake Mahakama Kuu.

Watoto wetu wengi wanasoma Kampala na Nairobi, nao wanapanda bodaboda na matatu huko, basi na wao wajue. Kenya ilitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama hiyo ikaanza kazi Nairobi mwezi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Uganda nayo ina utaratibu wa madai madogo tangu 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za huko, hasa ya madeni, bidhaa na kodi ya nyumba. Sisi hatuna mahakama yenye jina hilo. Lakini baraza la chifu linafanya kazi inayofanana na hiyo: wenye shauri wanazungumza wenyewe, gharama si kubwa, na lengo ni kupatanisha.

Kwa maoni yangu, Muislamu kwenda huko kudai kiasi kile kile alichopoteza, kwa ushahidi wa kweli, si aibu wala si udhaifu wa imani. Haramu ni kuongeza. Mtume (S.A.W.) alituonya kwamba mtu akihukumiwa kitu cha ndugu yake kwa sababu ya ufasaha wa ulimi wake tu, basi amekatiwa kipande cha moto.

Mambo ya kufanya

1. Matibabu kwanza. Kama kuna majeraha, polisi hutoa fomu namba 8 ya kujazwa na daktari. Ihifadhini, lakini msimchelewesheee mgonjwa kwa ajili ya karatasi.

2. Andikeni namba ya gari, jina na simu ya dereva, na pia mwenye gari kama si yeye. Pigeni picha kabla vyombo havijaondolewa. Pateni mashahidi wawili wenye kupatikana. Dini yetu imeweka ushahidi kwa mdai na kiapo kwa mwenye kukana. Bila shahidi utabaki na maneno yako dhidi ya kiapo chake.

3. Ripotini kwa polisi wa barabarani siku hiyo hiyo, mpate karatasi ya taarifa. Msiweke sahihi kwenye maandishi msiyoyaelewa; ombeni mtu awatafsirie.

4. Chukueni makadirio kwa mafundi zaidi ya mmoja, na wekeni stakabadhi zote. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Mwiteni dereva kwenye suluhu mbele ya wazee wa pande zote mbili, mkampe tarehe. Akikubali, andikeni. Akikataa au akijificha, ndipo mwende mahakamani.

Kama mtu amefariki, jambo hilo si la kumalizwa barabarani kamwe. Diya na kafara ya kuua kwa makosa zimetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, na warithi ndio wenye haki ya kusamehe, siyo umati wa watu uliosimama.

Swali nililoulizwa mimi

Narudi kwenye kisa changu. Nilimpigia yule kijana, akasema, "Ustadh, si ulishasema maalesh?" Tukafika mbele ya wazee wa baraza moja hapa mjini. Mzee aliyekaa kati akaniuliza, "Ulipomwambia maalesh, ulikuwa unajua pikipiki itagharimu kiasi gani?" Nikasema sikujua. Akamgeukia kijana, "Basi alikusamehe nini?" Kijana akanyamaza.

Nikafurahi. Lakini mzee akanirudia mimi: "Na wewe, ya ustaz, taa yako ya mbele ilikuwa inawaka?" Haikuwa inawaka. "Mtoto alivaa helmeti?" Hakuvaa. "Gari la huyu halina bima. Pikipiki yako inayo?"

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda kumshitaki mtu asiye na bima, nami sina.

Uamuzi ulikuwa wa haki. Kijana anunue vipuri, mimi nilipe ufundi, na gharama za hospitali tugawane. Sikubishana, maana kila mmoja alibeba sehemu ya kosa lake. Nami niliomba vipuri badala ya pesa kwa makusudi. Hatujasahau mwezi Disemba 2015, pauni yetu ilipotoka chini ya 3 kwa dola moja katika bei rasmi hadi zaidi ya 18 kwa mpigo mmoja. Deni la pauni likicheleweshwa linayeyuka kama barafu juani. Kipuri ni kipuri. Bakuli kwa bakuli.

Kijana hakuwa na uwezo wa kununua vyote kwa mara moja. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inatuamrisha tumpe muda mwenye dhiki, na inasema kumwachia kabisa ni bora zaidi. Nikampa muda. Alileta vipuri kidogo kidogo, na vilipobaki vioo vya pembeni na taa nilimwambia, "Hivi nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Safari hii nilijua nasamehe nini, na nyumbani nilikuwa nimeshauliza.

Sisi wenyewe tumejiandaaje?

Wapo watakaosema, "Ustadh, bima ina shaka." Ni kweli kwamba Baraza hilo la Fiqhi, katika uamuzi wake wa Disemba 1985 uliotolewa Jeddah, liliharamisha bima ya kibiashara. Lakini uamuzi huo huo ulihalalisha bima ya ushirikiano, ambapo watu wanachangiana kwa ajili ya atakayepatwa. Khartoum ilikuwa na kampuni ya bima ya Kiislamu tangu 1979, na Nairobi ilianzishwa kampuni ya takaful mwaka 2011. Kwa hiyo hoja ya shaka isiwe kichaka cha kujifichia, tukawa tunaendesha vyombo ambavyo vikimuumiza yatima hatuna cha kumlipa. Anayeingia barabarani akijua hawezi kulipa madhara yake ameshaweka rehani mali ya watu wengine bila idhini yao.

Rai yangu ni kwamba kila msikiti na kila madrasa yetu ianzishe mfuko mdogo kwa wenye pikipiki, bajaji na magari, wachangie kila mwezi, na hesabu isomwe hadharani. Ajali ikitokea, aliyegongwa asisubiri miaka, na aliyegonga asikimbie. Mfuko huo hauondoi wajibu wa bima ambayo sheria inaitaka, bali unasaidia pale isipofika. Mimi nimeshaanza na walimu wenzangu, na taa ya pikipiki yangu sasa inawaka.

Wazazi, wafundisheni watoto kusema maalesh, maana ni neno zuri. Lakini wafundisheni pia kwamba anayelisema baada ya kuvunja bakuli la mwenzake anapaswa kuwa ameshika bakuli jingine mkononi.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na watoto wetu njiani, na atujaalie tuwe wenye kutoa haki kabla ya kuidai. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.