Maonyesho ya biashara ni mahali pa kutafuta oda

MKOANI Kagera, fundi wa nguo za kiume huujua msimu wa kahawa karibu sawa na mkulima mwenyewe. Fedha za mavuno zikiingia, harusi huanza, na harusi ya Wahaya isiyo na wanaume waliovaa kanzu na koti juu yake ni nadra. Kwa mafundi wa Izimbya, wilayani Bukoba, na wenzao wa Muleba, hiyo ni miezi ya kushona hadi usiku. Baada ya hapo cherehani hupumzika mpaka wazazi waanze kutafuta sare za shule za Januari.

Biashara inayotegemea mfuko wa mkulima wa eneo moja ni ya mashaka. Bei ya kahawa ikishuka, mteja wa kwanza kupotea ni yule wa suti mpya. Hali huwa hivyo hivyo migomba ikishambuliwa na mnyauko, ugonjwa ulioripotiwa mara ya kwanza nchini mwaka 2006 huko Muleba. Fundi mwenye wanunuzi nje ya wilaya huyumba kidogo zaidi, na wanunuzi hao hukusanyika kwenye maonyesho ya biashara. Tatizo ni namna wajasiriamali wengi wanavyoyatumia maonyesho hayo.

Mtindo uliozoeleka ni kubeba marobota ya nguo, kulipia nafasi na kuwaita wapita njia kuanzia asubuhi hadi jioni. Anayerudi na gunia tupu husifiwa kwamba amefanikiwa. Lakini chukua mfano wa hesabu. Fundi akiuza kanzu 15 kwa faida ya sh. 8,000 kila moja, amepata sh. 120,000. Ukitoa nauli, chumba cha kulala kwa siku 10, chakula na gharama ya banda, amerudi na deni. Fundi huyo huyo akipata mwenye duka mmoja tu anayechukua nguo 20 kila mwezi, hata kwa faida ndogo ya sh. 5,000, hiyo ni sh. 100,000 kwa mwezi na sh. 1,200,000 kwa mwaka, bila kulala nje ya nyumba yake.

Wakubwa wa biashara hii walilielewa jambo hilo zamani. Maonyesho ya nguo za kiume ya Pitti Uomo, yaliyoanza mwaka 1972 mjini Florence, Italia, hufanyika Januari na Juni. Januari huonyeshwa nguo za baridi ya mwisho wa mwaka, Juni huonyeshwa za joto la mwaka unaofuata. Wenye maduka huja kushika kitambaa, kuangalia mshono, kukubaliana bei na kuweka oda, na nguo zenyewe hushonwa baadaye. Wengi wao wameonana na mshonaji yule yule kwa misimu kadhaa kabla ya kumpa oda kubwa.

Kagera haihitaji kwenda Italia kujaribu utaratibu huo. Sabasaba ya Dar es Salaam ni kubwa, lakini ni mbali, na huanguka mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, watu wakiwa mashambani wanachuma kahawa. Yanayofaa zaidi ni maonyesho ya Juakali/Nguvukazi ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1999 na ambayo huzunguka kati ya nchi wanachama. Mwaka 2021 yalikuwa Mwanza na mwaka 2022 Kampala, yote Desemba, mavuno yakiwa yamepita na sare za Januari zikiwa mlangoni. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayekwenda Mwanza kwa barabara hasubiri tena kivuko.

Nini kipelekwe huko? Si shati la kawaida, kwa sababu mtumba utalishinda kwa bei. Serikali za Afrika Mashariki zilipanga mwaka 2016 kuuondoa mtumba, lakini Marekani ilipotishia kufuta nafuu za AGOA nchi nyingi zilirudi nyuma, na mtumba upo. Kanzu, suti ya vipimo na sare ya shule ni nguo ambazo robota la mtumba haliwezi kumpa mnunuzi kwa idadi na rangi anayotaka. Sampuli 4 au 5 zilizoshonwa vizuri zinatosha, pamoja na karatasi ya bei ya nguo moja, 20 na 100, na idadi ambayo fundi anaweza kweli kuimaliza kwa wiki. Hapo ndipo wengi huharibu: huahidi 100, wakaleta 30, tena za rangi mbili. Chama cha ushirika cha KCU, chenye asili yake mwaka 1950, kimeuza kahawa Ulaya kwa miaka mingi, na wakulima wake wanajua kwamba mnunuzi harudi ikiwa gunia la pili halifanani na la kwanza.

Kampala ina mafundi wake wengi, na kupambana nao kwa bei ni kujichosha. Fundi wa Izimbya aende huko kutafuta muuzaji wa vitambaa na nakshi za kanzu kwa jumla, atakayemtunzia rangi ile ile mwaka mzima. Ila awe makini Mutukula. Cheti rahisi cha uasili, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo kwenye orodha. Jora lililofumwa China halipati nafuu hiyo kwa kuwa tu limenunuliwa Kampala, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari mbele ya ofisa wa forodha.

Safari hizi ni ghali kwa mtu mmoja. Mafundi 5 wa kata moja wanaweza kuchanga, wakamtuma anayejua kuzungumza na kuandika namba za simu, abebe sampuli za wote. Halmashauri za Bukoba na Muleba, ambazo huwapa vikundi mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, zingefanya vyema kumuuliza mwombaji mwenye cherehani ni nani ameahidi kununua nguo zake, kabla ya kumuuliza anataka cherehani ngapi.