Nani Apimwe Utayari?

Hojaji za utayari zimetuchosha. Kila msimu meza hii hupokea makala yenye jedwali lile lile: wauguzi wa Kisii au makarani wa Nyamira wameulizwa iwapo wanayakubali mabadiliko, wakatia alama kati ya "nakataa kabisa" na "nakubali kabisa", wastani ukapigwa, kisha pendekezo likaja kwamba wafanyakazi wahamasishwe. Mwajiri hapimwi. Tena hojaji yenyewe aghalabu imepitia kwa afisa wa rasilimali watu, na muuguzi anayesubiri kupandishwa cheo anajua pa kutia alama.

Bryan Weiner, ambaye karibu waandishi wetu wote humtaja, aliandika mwaka 2009 kwamba utayari una pande mbili: watu kudhamiria kwa pamoja, na watu kuamini kuwa wataiweza kazi wakitazama vifaa, muda na hali yao. Upande huo wa pili hutajwa kwenye sura ya nadharia, ukaachwa huko huko.

Chukua mwaka 2013. Katiba ilitoa hadi miaka mitatu ya kuhamisha majukumu kutoka serikali kuu kwenda kaunti, hatua kwa hatua. Afya ikapelekwa kaunti mwaka huo huo. Muuguzi wa hospitali ya Kisii Level 5 alilala mtumishi wa Wizara, akaamka mtumishi wa kaunti. Maswali yake yalikuwa ya mtu mwenye watoto shuleni: Nairobi ikichelewesha mgao, mshahara utatoka wapi? Cheo atapandishwa na nani? Pensheni itahesabiwaje? Desemba wahudumu wa afya wakagoma, na tangu hapo tasnifu zetu huuweka mgomo ule chini ya kichwa cha "upinzani". Kumbe hiyo ndiyo tathmini ya utayari iliyofanywa vizuri kuliko zote, tena bila ruzuku ya utafiti. Mishahara ya kaunti imechelewa mara ngapi tangu hapo? Mkataba ambao madaktari walitia saini na serikali Juni 2013 haukutekelezwa, ukazaa mgomo wa siku 100, uliokwisha Machi 2017.

Hatukujifunza. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF, karani wa mapokezi ndiye aliyebaki mbele ya mgonjwa huku mfumo ukigoma. Mpe hojaji siku hiyo, utaambiwa utayari wake uko chini.

Katika toleo hili, soma kwanza makala ya sekondari msingi: mwandishi amehesabu madarasa na maabara kabla ya kuwauliza walimu wanajisikiaje. Ile ya viwanda vya chai ina takwimu nadhifu, ila mchumaji hayumo. Ya maktaba ni fupi.

Kuanzia toleo lijalo, makala ya utayari yaje na hojaji ya pili iliyojazwa na ofisi ya katibu wa kaunti: mishahara ilitoka tarehe ngapi kila mwezi, kompyuta zinazofanya kazi ni ngapi, na mfumo ukianguka anapigiwa nani. Ofisi ikikataa kujaza, tutachapisha ukurasa ukiwa mtupu.