Jino la Kijana Lisisingiziwe Ukoo

Katika familia zetu nyingi, hapa Mpanda mjini na vijijini Katavi, damu ikionekana kwenye mswaki tunaitema na kusahau. Jino la mzee likilegea tunasema ni umri. La kijana likilegea tunasema ni mambo ya ukoo. Kwa maoni yetu, usemi huo unawapotezea vijana meno ambayo yangeweza kuokolewa.

Ugonjwa wa fizi huanza na ukoga, yaani utando laini wa vijidudu unaoganda kwenye shina la jino. Usiposafishwa huwa mgumu ukaitwa ugaga. Fizi huvimba, na kwa baadhi ya watu mfupa unaoshika jino huliwa polepole. Kwa nini si kwa wote? Miaka ya 1980 watafiti waliwachunguza watu zaidi ya 1,000 huko Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Ukoga na ugaga vilienea kwa karibu wote, lakini uharibifu mkubwa uliwapata wachache.

Zamani kuvitambua vijidudu hivyo kulikuwa kugumu, maana vingi hufa vikipata hewa na havioteshwi kwa urahisi maabara. Siku hizi wataalamu huchukua ukoga kidogo chini ya ufizi na kutafuta DNA, yaani chembe za urithi ambazo kila aina ya kijidudu inazo za kwake. Mashine hunakili kipande cha DNA hiyo mara nyingi mno mpaka kitambulike. Ndivyo pia kohozi la mgonjwa wa kifua kikuu linavyopimwa kwa mashine ya GeneXpert.

Kwa njia hiyo vijana 428 wenye fizi nzima walipimwa na kufuatiliwa miaka 2 nchini Moroko. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Waliokuwa na bakteria wa aina ya JP2 walikuwa na hatari ya kuugua mara 18 kuliko wasiokuwa na bakteria wa jamii hiyo. Aina nyingine za jamii hiyohiyo ziliongeza hatari mara 3 hivi.

Je, tudai kipimo hicho kije Mpanda kwa ajili ya fizi? Sisi tunasema kisitangulie. Hata jina la kijidudu likijulikana, tiba ya kwanza ni ileile: kung'oa ugaga kwa mtaalamu, na kupiga mswaki vizuri kila siku, uwe wa dukani au wa mti.

Kinachotakiwa kwanza ni macho ya wazazi. Ugonjwa wa vijana hupenda kuanzia meno ya mbele na magego ya kwanza, na huweza kuwapata hata wenye meno yanayoonekana safi. Basi weupe wa meno usitudanganye. Fizi zikitoka damu mara kwa mara, au jino likitikisika, mpeleke mtoto kwa mganga wa meno mapema, kabla ya siku ya kung'oa.

Wala tusinunue vidonge vya kuua vijidudu bila kuandikiwa. Haviondoi ugaga, na huvizoesha vijidudu dawa.

Kijana wa miaka 15 hana uzee wa kusingizia. Tumtazame kinywani leo.