Mkadiriaji Majenzi si Wakili wa Anayemlipa

Mgogoro wa majenzi hauamuliwi kwa kelele. Huamuliwa kwa vipimo. Mkandarasi anapodai malipo ya kazi za nyongeza, na mwenye jengo akayakataa, hakimu hawezi kuufukua msingi ili aupime mwenyewe. Hapo ndipo mkadiriaji majenzi huitwa. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu maoni ya mtaalamu kupokelewa, lakini haikumpa mtaalamu huyo kiti cha hakimu.

Ni jambo la aibu, basi, kumwona msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wananchi akigeuza ujuzi wake kuwa bidhaa. Akilipwa na mkandarasi, meta za zege huongezeka. Akilipwa na mwenye jengo, meta zile zile hupungua. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini shahidi mtaalamu hakuitwa kuwamba ngoma. Kazi yake ni kueleza alichopima, alivyokipima, bei ya mkataba aliyoitumia, na jambo asilolijua.

Watetezi wao husema kwamba kila upande una haki ya kujitetea. Kweli, na ndiyo sababu mawakili wapo. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba shahidi mtaalamu aweza kushtakiwa kwa uzembe na yule yule aliyemwajiri. Hapa Tanzania, Sheria Na. 4 ya mwaka 2010 imeipa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi uwezo wa kuwaadhibu wanaokiuka maadili. Uwezo huo na utumike bila kuoneana haya.

Fedha inayogombaniwa katika jengo la umma ni ya mkulima na mfanyakazi. Ikilipwa kwa vipimo vya uongo, ni madawati yaliyopotea. Na mkandarasi akidhulumiwa haki yake, vibarua wake ndio walalao njaa.

Lakini lawama zisimwangukie mtaalamu peke yake. Mtumishi anayeagiza mabadiliko kwa mdomo, na mwalimu mkuu anayeacha msingi ufukiwe kabla vipimo havijatiwa sahihi na pande zote mbili, ndio wanaomfungulia mlango shahidi mwongo. Daftari la kazi likitunzwa vema tangu siku ya kwanza, uongo hautakuwa na pa kusimama.