Sikukuu mjini: nani anahesabu watoto wanaoingia?

Msikilizaji wetu, Idd ikifika familia nyingi za vijijini hupanda basi kwenda mjini ili watoto wakapande bembea na kula aiskrimu. Ni furaha waliyoingoja mwaka mzima. Lakini sote huenda siku ile ile, mchana ule ule, na mwenye uwanja huuza tiketi bila kuhesabu vichwa.

Matokeo yake tumeshayaona. Siku ya Idd el-Fitri mwaka 2008, karibu watoto 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Tangu hapo, sikukuu zinapokaribia tumezoea kusikia polisi wa mikoa wakipiga marufuku disko toto.

Marufuku hiyo ina maana, ila haimalizi tatizo. Watoto wakifungiwa ukumbi huenda kwenye viwanja vya bembea, na msongamano huhamia nao. Kinachoua si muziki, ni watu kuzidi nafasi, hewa haba na mlango mmoja. Ndiyo maana tunawauliza wenye viwanja na halmashauri: mwisho ni watoto wangapi, na mlango wa pili uko wapi?

Tukisubiri jibu, mzazi, wahi asubuhi. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, mtie mtoto mfukoni. Ukikuta watu wanasukumana getini, geuza, hata kama nauli imeshakwenda. Nauli hutafutwa tena.