Rai Yangu Kuhusu Wiski ya Rai

Wasee, kuna neno moja nataka tulizike wiki hii: "laini". Mtu anaonja wiski, anafunga macho kama anayeombea chakula, halafu anatangaza, "Eish, hii ni laini." Meza nzima inatikisa kichwa. Mjadala umeisha. Yaani tumekubaliana ati wiski bora ni ile ambayo hata huisikii ikipita kooni. Sasa mimi nauliza: kama hutaki kuisikia, si unywe maji?

Kinywaji kinachonipa nguvu ya kubishana hivi ni wiski ya Kimarekani ya rai. Rai ni nafaka, ndugu yake ngano, inavumilia baridi na udongo mbaya. Na ndiyo, najua natoa rai kuhusu rai, tucheke tuendelee. Kitu kingine kabla sijasahau: kama hujafika miaka 18, hii ni ya kusoma tu. Historia yake ni tamu hata bila glasi.

Wengi wetu tukisikia wiski ya Marekani tunafikiria bourbon, ile ya mahindi mengi, tamu tamu. Rai ni dada yake mwenye mdomo. Sheria ya Marekani inasema angalau asilimia 51 ya nafaka iliyopikwa lazima iwe rai, na kinywaji kikae kwenye pipa jipya la mwaloni ambalo ndani limechomwa moto hadi likawa mkaa. Mti ule uliochomwa ndio unaleta rangi, vanila na ule utamu wa sukari iliyoungua. Rai yenyewe inaleta vita: pilipili manga, karafuu, kitu kama minti, na ukavu fulani mwishoni unaokufanya umeze mate.

Hapa ndipo nina shida na watu wa kuonja. Ukisoma maelezo yao utapata cheri nyeusi, mkate wa rai uliookwa, peremende za Krismasi. Mimi sikulelewa na mkate wa rai. Chupa niliyoionja kwa makini ni Rittenhouse, aliniletea binamu yangu anayeishi Baltimore, na pumzi ya kwanza ilinipeleka moja kwa moja jikoni Jumapili, dakika ile masala ya pilau inaingia kwenye kitunguu kilichokaangwa hadi kahawia. Karafuu, mdalasini, pilipili manga. Nyuma yake kulikuwa na ngozi ya chungwa. Halafu mwisho kabisa, chai ya tangawizi, ile inayokwaruza koo lakini hutaki iache. Hakuna mtu alinifundisha hayo maneno. Yalikuwa puani tayari.

Kwa hivyo usiogope kwamba hujui kuonja. Mtu aliyekula pilau, akanywa chai ya masala na kutafuna miwa ana msamiati wa kutosha kuisoma rai kuliko jamaa aliyekariri "cheri nyeusi" kutoka kwa video. Na akikuambia umekosea, muulize cheri nyeusi ameila wapi hapa Nairobi.

Jinsi ninavyofanya mimi ni rahisi. Kula kwanza, ushibe. Mimina kidogo, kama mililita 30, kwenye glasi iliyobanwa juu kidogo. Ile ndogo ya divai inatosha. Usitumbukize pua yote ndani kama unatafuta simu iliyoanguka, utachoma pua na hutasikia kitu tena usiku huo. Shika glasi chini ya kidevu, acha mdomo wazi kidogo, vuta pumzi taratibu. Funda la kwanza usilihukumu, ulimi bado unashtuka. Funda la pili ndilo la kuongea. Lishikilie, lizungushe, meza, kisha subiri. Rai huja kwa awamu: utamu mbele, viungo katikati, ukavu nyuma. Halafu weka matone mawili matatu ya maji. Sio barafu, barafu inalaza harufu. Maji kidogo yanapunguza ule mchomo wa pombe, na vitu vilivyokuwa vimejificha vinatoka. Hiyo glasi moja inaweza kukumalizia nusu saa, na hapo ndipo nataka tufike.

Kwa sababu tuambiane ukweli, sisi hatunywi wiski, tunaimaliza. Kota inazunguka, kifuniko kinatupwa, mtu wa mwisho ni mwanamke au mwanaume wa maana. Fanya hesabu nami. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za pombe tupu. Toti ya mililita 30 ya Rittenhouse, ambayo ni asilimia 50, ina mililita 15. Ni chini ya bia moja! Lakini kota ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina mililita 100, karibu bia tano, na kuna watu wanaishusha kabla DJ hajabadilisha wimbo. Ulimi haujaonja chochote. Ni tumbo na ini tu ndivyo vilihudhuria.

Sasa historia, na hii sehemu sitaiharakisha. Mwaka 1791 serikali changa ya Marekani ilitoza ushuru pombe kali. Wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania, waliokuwa wakigeuza nafaka yao kuwa wiski kwa sababu ilikuwa rahisi kusafirisha kuliko magunia, wakakataa. Kufika 1794 walikuwa wameinuka, na Rais George Washington akakusanya wanajeshi karibu 13,000 kwenda kuwatuliza. Sawa. Miaka mitatu baadaye, 1797, huyo huyo Washington ameondoka madarakani, anajenga kiwanda cha wiski kwake Mount Vernon. Msimamizi wa shamba lake, Mskoti anayeitwa James Anderson, ndiye alimpa wazo. Mapishi yao yalikuwa asilimia 60 rai, 35 mahindi, 5 shayiri iliyooteshwa. Mwaka 1799 walitoa karibu galoni 11,000, zaidi ya lita 41,000, na kilikuwa kati ya viwanda vikubwa zaidi vya wiski Marekani wakati huo.

Sasa nani alikuwa anabeba maji, anachochea, anakesha na moto? Watu weusi sita waliokuwa watumwa: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Yaandike mahali. Kila mtu anayependa kusimulia wiski ya Washington anajua jina la Mskoti, lakini hawa sita wanapita kama "wafanyakazi". Kiwanda kile kiliungua 1814, kikajengwa upya na kufunguliwa 2007, na leo wageni wanaonyeshwa jinsi rai ilivyopikwa zamani. Mimi nikisikia mtu anasema wiski ni "kitu cha wazungu, sisi tunaazima tu", nawataja hao sita na nanyamaza.

Baadaye rai ilikaribia kufa. Marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, iliua viwanda vingi vya Pennsylvania na Maryland, na watu waliporudi baa ulimi ulikuwa umezoea vitu vyepesi. Laini! Mnaona sasa? Hilo neno lina rekodi mbaya. Old Overholt, iliyozaliwa Pennsylvania 1810, siku hizi inatengenezwa Kentucky. Rittenhouse vilevile ilikuwa ya Pennsylvania, sasa ni ya Kentucky. Ni karne hii tu ndipo wahudumu wa baa walianza kuitafuta tena, kwa sababu kokteli za zamani kama Manhattan na Sazerac zilikuwa zinakosa uti wa mgongo bila rai.

Kuhusu lebo nina ukali kidogo. Ukiona "Straight Rye", maana yake imekaa pipani angalau miaka miwili na haikuongezwa rangi wala ladha. Ukiona "Bottled in Bond", hiyo ni sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, asilimia 50 kamili. Sheria hiyo ilikuja kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanachanganya pombe na vitu vya ajabu na kuiita wiski. Na bado ujanja haukuisha. Rai nyingi zenye hadithi za babu na kijiji zilitoka kiwanda kimoja kikubwa Lawrenceburg, Indiana, kinachopika rai ya asilimia 95. Templeton ilijiuza kama ya Iowa hadi ikashtakiwa, ikakubali mwaka 2015 kurudishia wateja pesa na kuandika kwenye lebo kwamba inapikwa Indiana. Wiski yenyewe haikuwa mbaya. Hadithi ndiyo ilikuwa imechakachuliwa.

Mtu atasema haya ni mambo ya watu wenye muda. Buda, Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe haramu. Sisi ndio tunapaswa kuwa wagumu kuhusu nini kiko ndani ya chupa na nani ameiweka. Mzinga wa jina kubwa unauzwa nusu bei kwa sababu gani? Kifuniko kimekaa sawa? Lakiri haijaguswa? Inanuka nini? Huwezi kuona sumu ya methanoli kwa pua, usidanganywe hapo, ndiyo maana maswali yanaanza dukani kabla ya glasi. Na ukishuku, acha. Pesa itarudi.

Kwa bei, rai si lazima ikuue. Kule kwao Rittenhouse ni chupa ya kawaida tu ya wahudumu wa baa, sio ya kuwekwa kwenye kabati la kioo. Hapa kwetu ni ngumu kupata na ushuru unaipaisha, kwa hivyo ushauri wangu ni mchange watu wanne, chupa moja, kila mtu toti moja au mbili, iliyobaki ifungwe hadi mwezi ujao. Haitaharibika. Mkitaka kuweka kola, wekeni, siwezi kuwaita polisi, ila onjeni kavu kwanza mjue mnachokizamisha.

Na glasi ikiisha usikimbie kuiosha. Iache mezani nusu saa halafu uinuse ikiwa tupu. Pombe imeshaondoka, imebaki mbao, sukari iliyoungua na karafuu kidogo.